Tulilipia chumba cha kuelekea bahari, tukapewa cha nyuma ya jenereta. Nidai vipi?

"Likizo ya Agosti tulitoka Nairobi kwa treni kuja Mombasa: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nililipa shilingi 96,000 kwa M-Pesa kupitia wakala wa Nairobi, vyumba viwili, siku nne, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ndani ya hizo, shilingi 2,000 kwa kila chumba kila siku zilikuwa za kuelekea bahari. Tulipofika tukapewa vyumba vya chini, upande wa nyuma, karibu na jenereta. Kiyoyozi cha chumba cha mama kilivuja maji ukutani na chumba kilinuka uvundo. Ana pumu, alikohoa usiku kucha. Maji ya bomba yalikuwa ya chumvi, na usiku wa pili yakakatika kabisa. Asubuhi ya kwanza watoto walikimbilia ufuoni wakakuta bahari haipo, ni mwani mtupu. Nililalamika mapokezini mara mbili, nikaambiwa 'tutashughulikia'. Tulipolala siku tatu tukashindwa, tukaondoka. Sasa hoteli inasema niongee na wakala, wakala anasema niongee na hoteli, na risiti imeandikwa kwamba pesa hazirudishwi. Kwenye tovuti hoteli ilikuwa na nyota nne. Nahisi tuliwekwa nyuma kwa sababu sisi ni Wakenya. Je, naweza kudai pesa zangu zote? Na turudi Desemba kama watoto wanavyotaka?"

Pole sana, dada yangu. Nilianza kazi mapokezini katika hoteli za Bamburi, nikawa meneja wa zamu Shanzu, na siku hizi kazi yangu ni kusuluhisha wageni na wenye hoteli wanapokosana. Barua kama yako naijua, lakini ya mama aliyekohoa usiku kucha imeniuma zaidi. Nikujibu kwa ufupi kwanza: shilingi 96,000 zote hutazipata, wala sikushauri uzidai. Lakini sehemu nzuri ya pesa hizo ni haki yako, kwa hesabu yangu kama 51,000, na yale maneno ya kwenye risiti hayakuzuii. Kabla ya kufika huko itabidi tutenganishe lililofanywa na bahari, lililofanywa na hoteli na lililofanywa na wakala. Barua inayoyachanganya yote hukabidhiwa mhasibu, naye hutafuta lile moja lisilo la kweli akalijibu hilo peke yake.

Tuanze na bahari, maana hiyo iondoe kabisa kwenye madai. Agosti hapa kwetu ni kusi. Upepo huu huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, na mwani hung'olewa na kutupwa ufuoni kwa malundo. Hoteli inaweza kuuzoa asubuhi, jioni ukaletwa mwingine. Na ile bahari "isiyopo" ni maji kupwa tu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa majira ya saa nne au saa tano asubuhi, halafu hujaa saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele karibu dakika 50. Naweza kuwaona watoto wako: wamemeza chai haraka haraka, wamekimbia na maboya yao saa nne, wamekuta mchanga, madimbwi na kaa wadogo, na maji yako mbali huko kwenye mwamba. Saa kumi wangeogelea wakachoka. Kosa la hoteli hapo ni dogo lakini lipo: kila hoteli ya ufuoni inapaswa kubandika ratiba ya maji mapokezini, na kijana wa zamu amwambie mgeni kabla hajauliza. Wakati wangu tuliiandika kwa chaki kila asubuhi.

Maji ya bomba yana sura mbili. Mombasa hunywa maji ya mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi. Hayatoshi, yanagawanywa kwa zamu, kwa hiyo hoteli karibu zote zina visima vyao. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Maji ya mvua hukaa juu, ya bahari yako chini yake kwa sababu ni mazito zaidi, na pampu ikivuta sana chumvi hupanda. Ndiyo maana maji yenu yalikuwa ya chumvi. Hata hoteli za bei kubwa zina tatizo hilo, na kwa kuogea tu si jambo la kushinda nalo kesi. Kukatika kabisa usiku ni jambo jingine. Mwenye hoteli anajua mfereji hauaminiki. Ndiyo sababu anatakiwa kuwa na tangi la kutosha, pampu ya pili, na namba ya mtu wa lori la maji anayepokea simu saa sita usiku. Hilo liandike, pamoja na saa yalipokatika na saa yaliporudi.

Sasa chumba cha mama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hoteli ilipokosea hasa, na wageni wengi hudhani uvundo ni uchafu tu wa kupigwa deki.

Kiyoyozi huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na ikigusa baridi ile hutoa jasho, kama gilasi ya maji ya barafu mezani. Maji hayo hudondokea kwenye trei ndogo ndani ya kiyoyozi, kisha hutoka nje kwa mpira mwembamba. Mpira ukizibwa na utelezi, au kifaa kikikaa upande, trei hufurika na maji hushuka ukutani. Humo ndani mna giza, majimaji na vumbi lililonasa kwenye chujio, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Kila kiyoyozi kinapowashwa, hupuliza vijidudu vya kuvu chumbani, moja kwa moja kwenye kifua cha mtu mwenye pumu.

Kuna na jambo la msimu ambalo wageni hawaambiwi. Mvua za masika, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za pwani hukosa wageni. Baadhi hufunga kabisa, nyingine hufunga upande mmoja, na mara nyingi ni ule wa nyuma. Umeme huzimwa, madirisha hufungwa, magodoro hukaa miezi miwili katika joto na unyevu. Julai na Agosti wageni wanarudi kwa wingi, wa kwetu kwa likizo ya shule na wa Ulaya kwa kiangazi chao, vyumba vile vinafunguliwa kwa haraka, vinapigwa rangi juu ya ukungu na kupulizwa manukato. Nimeshika brashi hiyo mwenyewe kwa amri ya wakubwa, na naijutia. Manukato hudumu kama nusu saa. Kwa hiyo ukifika chumbani, kabla hujafungua begi, fungua kabati la nguo utie kichwa ndani unuse. Kabati halidanganyi, hewa yake haijaguswa tangu chumba kilipofungwa. Kisha inua mto uguse godoro kwa kiganja, fungua bomba dakika mbili, zima kiyoyozi usikilize jenereta iko wapi. Dakika tano zinatosha, na mizigo bado iko mlangoni.

Nikwambie pia la upande wenu, maana nalo husaidia. Watu wa bara wakihisi joto huweka kiyoyozi nyuzi 16 na kuacha mlango wa veranda wazi. Hewa nyevu huingia mfululizo, kuta za baridi hutoka jasho, na trei hufurika hata kama ni nzima. Nyuzi 24 au 25, mlango umefungwa, chumba hukauka vizuri zaidi. Mlichofanya ninyi sikijui, lakini hoteli itakuuliza, na ni vizuri uwe na jibu la kweli.

Kuhusu kuwekwa nyuma kwa kuwa ni Wakenya. Swali hili linastahili jibu la wazi. Vyumba hupangwa jioni ya siku iliyotangulia, kutoka kwenye orodha. Makampuni makubwa ya watalii yana mikataba ya msimu mzima inayotaja vyumba vya mbele; wageni wanaorudi kila mwaka hupewa walivyozoea; waliolipa kupitia wakala kwa bei ya chini ya wakazi huja mwisho. Mara nyingi ni pesa na mkataba vinavyoamua. Mara nyingi, lakini si mara zote. Nimeona kwa macho yangu mpangaji wa vyumba akisoma majina kwenye orodha na kusema, "hawa wa Nairobi weka nyuma, hawatasema kitu." Huo ni ubaguzi, na Katiba yetu inaukataza. Shida ni kuuthibitisha. Hujui wa chumba cha mbele alilipa nini. Lakini vocha yako, yaani karatasi ya wakala inayotaja chumba ulicholipia, kama imeandikwa "kuelekea bahari", haihitaji kuthibitisha nia ya mtu yeyote. Ulilipia kitu, hukupewa. Jenga madai yako juu ya maneno hayo, na hisia zako za ubaguzi ziandike kwa sentensi moja tulivu mwishoni, kwa sababu mwenye hoteli anapaswa kuzisikia.

Nyota nne za kwenye tovuti hazikusaidii sana. Nyota rasmi Kenya hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya wakaguzi kufika. Hoteli nyingi zina leseni ya kufanya kazi bila kuwa na nyota rasmi hata moja, na nyota za kwenye tovuti zinaweza kuwa za kujipa. Hata zile za kweli hupima jengo na huduma siku ya ukaguzi. Waulize Mamlaka kama hoteli hiyo imepangwa daraja. Kama haijapangwa, hilo nalo ni la kuwaambia.

Sasa "tutashughulikia". Dada, kijana wa mapokezi saa tatu usiku hana mamlaka ya kukubadilishia chumba cha daraja la juu wala kukupunguzia shilingi. Anaweza kupiga simu kwa fundi, na fundi wa zamu ya usiku pengine ni mmoja kwa vyumba mia. Mwenye uwezo ni meneja wa zamu, na yupo kila usiku hata kama haonekani. Mwombe kwa cheo chake, mpeleke hadi chumbani, mwonyeshe ukuta, mwache avute hewa ile. Halafu omba kitu kimoja anachoweza kutoa usiku huo: "Mama ana pumu, hawezi kulala hapa. Naomba chumba kingine sasa, hata kama si cha mbele." Siku ile ile ya kwanza, kabla chakula cha jioni hakijaisha, kwa kawaida bado kuna chumba kimoja au viwili vimewekwa akiba kwa dharura. Siku ya tatu havipo. Sisi tumelelewa kustahimili tukiwa wageni wa mtu, tunaona haya kulalamika mbele ya mwenyeji. Lakini hukualikwa, ulilipa, na meneja mzuri huumia zaidi kusikia malalamiko baada ya mgeni kuondoka, wakati hana tena la kufanya ila kutoa pesa.

Ulilalamika mara mbili, na hilo lina uzito. Hukuondoka kimyakimya. Kumbuka siku, saa, na jina lililokuwa kwenye beji; uandike leo kabla hujasahau.

Nani anakushikia pesa? Ulimlipa wakala, kwa hiyo mkataba wako ni wake kwanza. Yeye aliilipa hoteli bei ya mkataba wao, ambayo huijui na hoteli haitakutajia. Ndiyo maana mhasibu wa hoteli hawezi kukurudishia kirahisi pesa ambayo hukumlipa yeye. Hapo hakudanganya. Aliyekosea ni wakala anayekurusha huko. Kama vocha aliyoitumia hoteli imesema "kuelekea bahari", hoteli ilivunja ahadi na wakala ana haki ya kuibana. Kama vocha imesema "chumba cha kawaida", basi wakala alikutoza shilingi 2,000 za bahari ambazo hakuzinunua. Omba nakala ya vocha iliyotumwa hotelini. Karatasi hiyo moja itakuonyesha umdai nani.

Usihangaike kutaka muamala wa M-Pesa ugeuzwe. Utaratibu ule ni wa pesa zilizotumwa kimakosa, hauamui ubora wa chumba. Ujumbe wa M-Pesa uhifadhi tu kama ushahidi. Safari nyingine, ukiweza, lipa kwa kadi, kwa sababu benki ina njia ya kupinga malipo ya huduma ambayo haikuwa kama ilivyoelezwa, ingawa kuna muda maalumu wa kufanya hivyo.

Na yale maneno, "pesa hazirudishwi". Yana maana yake halali: ukibadili mawazo, ukaugua, ukakosa treni, hasara ni yako, na ndiyo sababu bei ilikuwa chini. Hayawezi kumaanisha kwamba wakupe chochote watakacho. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaostahili, kulindwa afya yake, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inasema haki inazompa mtumiaji zinabaki hata mkataba ukisema vingine.

Hesabu yangu ni hii. Ziada ya bahari kwa siku tatu mlizolala, vyumba viwili, ni 12,000. Hiyo haina mjadala kama umeilipia kwa maandishi. Chumba cha mama, ukitoa ziada hiyo, ni 10,000 kwa siku. Kwa siku tatu ni 30,000, nawe dai nusu, 15,000, kwa sababu mlilala humo na mlikula chakula chao. Siku ya nne ambayo hamkulala ni 24,000. Jumla 51,000. Hiyo ya siku ya nne ndiyo watakayoipigania, watasema mliondoka kwa hiari, nawe utajibu kwamba mlilalamika mara mbili na chumba cha mgonjwa hakikubadilishwa. Wakikupa 35,000 taslimu, mimi ningezichukua. Wakikupa vocha ya kulala bure hoteli ile ile, kataa kwa adabu.

Barua yako isizidi ukurasa mmoja, kwa wakala, nakala kwa meneja mkuu wa hoteli. Tarehe, kilicholipiwa, kilichotolewa, ulimwambia nani saa ngapi, kiasi unachodai na hesabu yake, na siku 14 za kujibu. Weka picha tatu, si thelathini. Mwani usiutaje. Na usiandike mtandaoni kwanza. Ukishamwaga yote hadharani, wao hawana tena sababu ya kukuharakishia. Baadaye ukiandika, andika ulichokiona tu.

Siku 14 zikipita kimya, usibaki kwenye simu. Nenda mwenyewe. Mawakala wa usafiri nao hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa hiyo malalamiko ya pande zote mbili yapeleke huko, na yale ya tangazo la kupotosha yanaweza kwenda pia kwa Mamlaka ya Ushindani. Pesa yenyewe inadaiwa Mahakama ya Madai Madogo. Ile ya Milimani, Nairobi, ilianza 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Karani wa pale atakuonyesha fomu. Mimi siwezi kukuambia kwa barua kama ushahidi wako unatosha. Mtu aziangalie karatasi zako mezani.

Mama ndiye asisubiri siku 14. Kama bado anakohoa au anatumia pampu yake ya pumu kuliko kawaida, mpeleke kwa daktari kesho, umweleze daktari habari ya chumba chenye ukungu. Karatasi ya matibabu iweke, na kama gharama zimekuwa kubwa, hapo ndipo umtafute wakili, maana madai ya kuumia ni tofauti na madai ya chumba.

Desemba njooni. Kusi itakuwa imepita, kaskazi imeingia, bahari hutulia na mwani hupungua sana. Bei ndiyo itakuwa juu kuliko mwezi wowote, kwa hiyo kateni chumba mapema, na kabla ya kulipa ombeni vocha iandike upande wa bahari na ghorofa ya kwanza au ya pili kwa ajili ya mama. Tazameni mwezi siku mtakayofika. Ukiwa mpevu au mwandamo, waambie watoto asubuhi watavaa viatu vya kukanyagia mwamba, waende na mtu wa pale anayejua njia wakaone samaki kwenye madimbwi. Maboya wayasubirishe hadi saa kumi.